Mawe ya Msingi wa Zahanati

Bhoke mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi, nilipokushikia mkoba ukapanda pikipiki kwenda Tarime, kwa hiyo sizirudii hapa. Sasa ni saa tisa mchana. Wewe uko Bomani, hapo mjini, unanunua begi, halafu utapita Sirari kumuaga shangazi yako, na shangazi yako ninavyomjua hatakuachia kabla hujala mara mbili. Nina muda. Nimekaa sebuleni kwenye kiti cha baba yako, mabati yanalia kwa joto juu ya kichwa changu, tak, tak, na mkononi nina kalamu ambayo sijaishika tangu nilipoacha ujumbe wa kamati.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikurya nimezoea kukisema, kukiandika sijawahi. Na nakuandikia kwa sababu jambo lenyewe nikilisema kwa mdomo nitalichezea. Unanijua. Kila kizito kikipita kwangu kinatoka mzaha. Labda karatasi itanizuia.

Habari za chakula, mashuka, wezi wa stendi na wanaume wa huko Ruvuma unakoenda kuanza kazi, bibi yako amezihubiri wiki nzima, sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na tangu siku ya sherehe yako linanizunguka kichwani hata sijui nilishike wapi.

Siku ile ulisimama mbele ya wageni, mchungaji yupo, diwani yupo, ukasema umesomea mipango kwa ajili ya mdogo wako Mwita. Ukasema kijiji chetu kilijenga boma la zahanati, kuta tupu, kwa nguvu za wananchi mpaka kwenye lenta juu ya madirisha, kikangoja serikali ilete mabati, na mabati yakaliwa na wajanja huko juu, na mdogo wako akafia njiani. Ukasema, "Mimi nikikaa kwenye kiti cha afisa mipango, bati la mwananchi halitaliwa." Watu walipiga makofi, bibi yako akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Mimi nilipiga makofi kuwashinda wote. Halafu nikaenda nyuma ya jiko nikatapika. Mkasema ni nyama.

Bhoke, mabati hayakuliwa na mtu. Ngoja nikueleze, na unisome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati.

Ulipokuwa bado mdogo, hujaanza shule, walikuja wataalamu wa halmashauri. Wakabandika makaratasi makubwa kwenye ukuta wa darasa, wakatuambia tutaje vipaumbele vya kijiji ili viingie kwenye bajeti. Wanaume wakasema josho. Wanawake tukasema zahanati. Mzee Marwa, mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule, akasimama na fimbo yake. "Ng'ombe ndiye anayelipa kila kitu hapa," akasema. "Hata hiyo zahanati mtaiendea na nini kama ng'ombe wamekufa kwa kupe?"

Nikasimama. Sijui nani alinituma. Nikasema, "Shikamoo, mzee. Ng'ombe wako akizaa unakesha naye zizini. Sisi tukizaa unakuwa wapi?"

Mkutano mzima ulicheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Tukapanga mistari miwili, wa josho huku, wa zahanati huku, na mstari wetu ukawa mrefu. Siku ile ile nikachaguliwa kamati ya ujenzi. Na hapo ndipo nilipojifunza vibaya, mwanangu. Nilijifunza kwamba mkutano ukicheka umekubali, na ukikubali basi jambo ni sawa. Ilinichukua miaka kujua kwamba watu wanaweza kucheka pamoja wakiwa wanatembea kuelekea shimoni.

Mwaka uliofuata fedha zikaja, za vyoo vya shule. Tuliomba zahanati, tukapata matundu ya vyoo. Sikatai, vyoo ni vizuri, watoto walikuwa wanaenda vichakani. Lakini nilimuuliza mtendaji wa kijiji, "Nani aliomba vyoo?" Akasema kuna kitu kinaitwa ukomo wa bajeti. Nikamwomba anieleze, akanieleza, nikatoka pale sielewi zaidi ya nilivyoingia. Wewe sasa umekisomea. Ukirudi likizo, kaa na mimi unieleze taratibu, maana mpaka leo nalijua jina tu.

Kuhusu zahanati tuliambiwa hivi: jengeni boma wenyewe, mkifika kwenye lenta serikali itamalizia. Mabati, mbao, plasta, milango, nesi. Basi tukajenga. Kila kitongoji kilipewa upande wake wa msingi. Mawe tuliyachukua kule kilimani nyuma ya shule, yale meupe yenye michirizi, kwa sababu ndiyo yalikuwa karibu. Wanaume walipasua, sisi tukabeba. Nilibeba mawe nikiwa na mimba ya Mwita, bibi yako akinitukana kila siku. Upande wa kitongoji chetu ulikuwa ule wa chumba cha kujifungulia. Niliuomba mimi.

Miaka mitatu, Bhoke. Tukafika kwenye lenta. Tulichinja, tukacheza. Mtendaji akatusomea mkutanoni kwamba boma letu limeingia kwenye mpango. Wakati huo tulikuwa tumeshakupeleka Sirari kwa shangazi yako kusoma, kwa sababu hapa mwalimu alikuwa mmoja kwa madarasa matatu. Kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona, na hakuna aliyekusimulia. Watoto waliokuwepo waliambiwa wanyamaze.

Tulingoja. Mwaka ukapita. Mwaka wa pili majani yakaota ndani ya boma, mbuzi wakalifanya zizi. Nilikuwa naenda kuwafukuza asubuhi, jioni wamerudi. Mjomba wako alikuwa ananipigia simu kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka huko Kenya, anacheka. "Sasa dada, hiyo serikali yenu si iwajengee tu? Huku kaunti ilituwekea dispensari. Shida ni dawa tu, unaenda wanakwambia kanunue kemist." Nikabaki nimechanganyikiwa. Huko wana jengo hawana dawa, hapa tuna kuta hatuna paa, na barabara ya malori ya machimboni inachongwa kila kiangazi. Nilikuwa nasimama kando ya ile barabara nikijiuliza, hii nayo ni kipaumbele cha mkutano upi?

Halafu rashi ya dhahabu, ule mkurupuko wa wachimbaji, ikafika kwetu. Kabla ya hapo ilikuwa ya kwingine, baba yako alikuwa anaifuata, mwezi huyu upande wa Tarime, mwezi ule kule mbele ya Mbalibali, anarudi na vumbi. Siku moja mchimbaji mmoja mgeni, mtu mzima wa kutoka Geita, alikaa kupumzika kwenye lundo la mawe yaliyobaki pale zahanati. Akalipasua moja. Akalitwanga, akaliosha kwenye beseni la mama mmoja muuza maandazi. Kwenye kitako cha beseni ikabaki rangi ya dhahabu, kidogo kama uchafu wa ukucha. Jioni ile kilima chote kilikuwa kimejaa watu.

Kilima kiliwahiwa na wenye nguvu, wenye mitaimbo na pampu. Sisi wanawake tukabaki tunaangalia. Asubuhi ya tatu nikakuta wageni wawili wanapakia mawe ya lundo letu kwenye pikipiki. Tuliwafukuza kwa fimbo, mimi mbele. Mzee Marwa akaita mkutano pale pale, tukaulizana tutalilindaje boma. Mmoja akasema tuweke walinzi. Mwingine akasema tuandike barua wilayani. Mimi nikasimama.

Nikasema, "Kama ni kuibiwa, bora tujiibie wenyewe."

Wakacheka, Bhoke. Walicheka kuliko siku ya josho. Na mimi nilipoona wanacheka nikaendelea. Nikasema hizi zilikuwa nguvu za wananchi, si ndivyo walivyoziita wenyewe? Basi wananchi wachukue nguvu zao. Serikali ikija na mabati, tutabeba mengine, mgongo si upo? Kila kitongoji kichukue upande wake, tusigombane. Ilikuwa inaingia akilini kabisa. Ndiyo maana naiogopa mpaka leo, kwamba jambo lililonyooka namna ile, lenye haki hata ya kugawana, lilikuwa baya.

Mtaimbo wa kwanza niliuweka mimi, chini ya chumba cha kujifungulia. Siku nne tu. Ukuta uliobebwa miaka mitatu ulilala kwa siku nne, na matofali tukagawana kwa ajili ya majiko. Mawe tulipeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, mengine tukatwanga kwa mikono. Wengi hawakupata kitu. Kitongoji cha kwa akina Nyangi walisaga mpaka jiwe la mwisho wakapata vumbi. Upande wetu ulitoa dhahabu.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Uliporudi kutoka Sirari ulikuta nyumba yetu haina nyasi tena juu, ina mabati. Uliuliza, nikakwambia baba yako amepata kwenye rashi. Baba yako hakupata kitu. Alirudi kabla yako, mikono mitupu, akasimama uani anatazama juu. "Robi," akaniuliza, "mabati haya yametoka wapi?" Nikamjibu, "Kwenye mawe." Hakuuliza mawe gani. Alichukua nyundo akapanda juu, akagongelea misumari ambayo fundi alikuwa ameiacha imelegea. Hatujawahi kulizungumza tena.

Kwa hiyo mabati ya zahanati uliyoyasema kwenye sherehe ni haya. Umelala chini yake miaka yote. Ukiwa kidato cha pili uliniambia hakuna sauti unayoipenda kama mvua juu ya bati ukiwa umejifunika. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chako, nikasema ndiyo, ni tamu.

Siku zisizofika thelathini baada ya boma kulala, lilikuja gari la halmashauri. Akashuka kijana amechomekea shati, viatu vimejaa vumbi. "Shikamoo mama," akanisalimia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Natoka mipango. Nimekuja kuliona boma la zahanati. Fedha za kumalizia zimetengwa, ila lazima nilithibitishe kwa macho kwanza."

Zimetengwa. Nilitamani ardhi inimeze. Tungevumilia siku thelathini tu! Lakini pia, mwanangu, kwa nini hawakutuma hata neno? Kwa nini mtu angoje miaka miwili kwenye giza kama mlango umeshafunguliwa upande wa pili? Hapa ndipo kichwa changu kinapokwama kila nikifikiri. Nikisema ni kosa letu, naikumbuka ile miaka miwili na wale mbuzi. Nikisema ni kosa lao, naikumbuka mikono yangu kwenye mtaimbo. Nimezunguka hapo miaka kumi na nne kama ng'ombe wa kamba fupi.

Tulimpeleka. Akasimama kwenye ukingo wa mashimo, akatazama. "Boma liko wapi?" Mzee Marwa akaangalia ncha ya fimbo yake. Mtendaji akajikuna. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mdomo wa kijiji ulikuwa ni mimi.

Nikasema, "Ni mvua, mwanangu. Mvua ilibomoa."

Ilikuwa kiangazi. Miezi miwili hapajadondoka tone. Akatazama juu mbinguni, halafu akatazama mikono yangu, nyeupe kwa unga wa mawe mpaka kwenye viwiko. Nilijua amejua. Na nakuapia, Bhoke, kama angeniuliza tena, kwa upole, mara ya pili tu, ningesema. Lakini alikuwa na vijiji vingine vya kuzunguka, na labda aliniheshimu, hakutaka kumvua nguo mama mtu mzima mbele ya watu. Akaandika kwenye daftari lake, akapanda gari.

Fedha zikaenda kijiji cha ng'ambo ya mto, ambacho boma lake lilikuwa limesimama. Hiyo ningeweza kuimeza. Lakini baadaye mtendaji akanionyesha barua. Ilisema eneo letu linakumbwa na maji, halifai kujengwa. Unaona nilichokifanya? Mawe tungeyabeba tena. Mgongo ulikuwepo, sikuwatania watu. Lakini kwa sentensi yangu moja kijiji kikaandikwa kuwa ni bonde la mafuriko, sisi tulio juu ya mwinuko, na mwaka baada ya mwaka wenzetu wakawekwa kwenye orodha na sisi tukarukwa. Tungeweza kwenda kusema si kweli. Tungelazimika kusema kweli ni ipi.

Masika iliyofuata Mwita akashikwa na homa. Unakumbuka zaidi yangu pengine. Mimi nakumbuka mgongo wa dereva wa pikipiki, matope, na joto la mtoto mgongoni mwangu. Halafu nakumbuka joto lilivyoanza kupungua, nikashukuru, nikamwambia dereva homa inashuka. Niliendelea kushukuru mpaka mtoni. Niliporudi nilikukuta jikoni, darasa la nne, umempikia uji, umeufunika na umeuzungushia kitenge usipoe.

Siku ya mazishi Mzee Marwa alikushika bega. Ulikuwa unauliza kila mtu kwa nini hatuna zahanati. Akakwambia, "Wamekula mabati yetu, mama. Wakubwa wamekula." Alikuwa anakufariji mzee wa watu, au alikuwa anajifariji. Ukanigeukia mimi uone kama ni kweli. Nikainamisha kichwa. Wewe ukadhani nimeitikia.

Tangu hapo nilikuwa nasema nitakwambia ukimaliza la saba. Ukimaliza kidato cha nne. Lakini nilikuwa naiona ile hasira inavyokuamsha alfajiri usome, nikaogopa kuizima. Kama ningekwambia ukweli, ungesoma hivyo? Ungenipenda? Uongo wangu umezaa afisa mipango. Nifurahi au nilie? Nimeuliza swali hili hata kanisani, na jibu sijapata. Sikuandikii kwa sababu nimejua. Nakuandikia kwa sababu kesho alfajiri unaondoka, na ukifika huko utakaa upande wa pili wa ile meza ukiwa na hadithi niliyokupa mimi, na hadithi hiyo si ya kweli.

Usinielewe vibaya. Sisemi wakubwa hawali. Wapo wanaokula, utawaona, na ile hasira utaihitaji, usiitupe yote. Ninachosema ni kwamba zahanati ya kwetu haikuliwa na wajanja wa mbali. Iliangushwa na watu waliochoka kungoja, wakafurahi pamoja kwa siku nne, wakaona aibu, na aibu ikamalizia kilichobaki. Kwenye karatasi zenu sijui mnaandika wapi kitu kama hicho. Sidhani kina safu yake.

Jua linashuka, mabati yamenyamaza. Barua hii nitaitia ndani ya kile kitenge kilichoko juu ya begi lako la zamani, uikute njiani, si hapa. Nisamehe na hilo pia, sina ujasiri wa kukuona ukisoma. Kama baada ya kusoma utakuwa huwezi kunipigia simu, usilazimishe. Nitajua umefika, shangazi yako ataniambia.

Lakini nina ombi. Siku moja utashuka kwenye gari la halmashauri, viatu vimejaa vumbi, kwenye kijiji usichokijua, na mbele yako patakuwa na mashimo mahali palipotakiwa kuwa na kuta. Atajitokeza mama mmoja, mchangamfu, mwenye mdomo. Atakwambia ni mvua. Utatazama juu, utatazama mikono yake. Usiandike bado, Bhoke. Waache wanaume waende mbele, kaa naye chini pembeni, umwamkie tena.

Halafu muulize mara ya pili.

Mimi mama yako Robi, niliyeulizwa mara moja tu.